Mama akishika kitabu, nani ashike mwiko?

Mwezi unapojaa, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hupumzika. Dagaa hufuata mwanga wa taa katikati ya giza. Mbalamwezi ikishatanda juu ya maji, taa hazivuti kitu, na kwenda ziwani ni kupoteza mafuta bure. Basi vipe, boti zao za uvuvi, huegeshwa ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, nyavu hushonwa, injini hufunguliwa na kufungwa upya, na mwanamume aliyekuwa akikesha majini hukaa kijiweni mchana kutwa bila mtu kumwuliza ana nini. Mji mzima unajua kuwa ni mbalamwezi. Mwaka 2024 tulikwenda mbali zaidi. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, upande wetu wa Tanzania nao ulifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana.

Siwaonei wivu wavuvi. Usiku wao ni mrefu na ziwa hili halina mzaha linapochafuka. Wala sisahau kwamba ziwa likifungwa, wanawake wanaonunua, kuanika na kusafirisha dagaa hukosa hela ya mboga. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba watu wakiona umuhimu wa jambo, hukaa wakakubaliana kulitengea muda, na muda huo ukaheshimiwa. Mama wa mtaani kwetu Katubuka hana mbalamwezi yake. Akitaka kusoma kitabu, anaambiwa atafute muda, kana kwamba muda umedondoka mahali barabarani kati ya hapa na soko la Mwanga.

Wanawake wenzangu wakiniona na kitabu huniuliza, "Mwenzetu, wewe unapata wapi muda?" Huuliza kwa upole, na wengine kwa hamu ya kweli, kwa kuwa nao walipenda kusoma shuleni. Lakini ndani ya swali hilo kuna jingine lisilosemwa: ukiwa umekaa hapo na kitabu, nani anafanya kazi zako? Naamini hilo la pili ndilo swali lenyewe. Saa ya kusoma haipatikani kwa mama kujipanga vizuri zaidi. Inapatikana pale ambapo mtu mwingine ndani ya nyumba anashika mwiko, au ndoo, au mtoto, na anashika kwa kuwa wamekubaliana, si kwa kumfanyia mama hisani.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu imewahi kupima jinsi Watanzania wanavyotumia saa zao za siku, sambamba na tafiti za nguvu kazi za mwaka 2006 na 2014. Kila iliposhika kalamu ilikuta jambo lilelile: kupika, kufua, kuchota maji, kuogesha watoto na kuuguza wagonjwa, kazi zote hizo zisizo na mshahara, zimemlalia mwanamke kuliko mwanamume, hata pale ambapo mwanamke huyo naye anatoka asubuhi kwenda kutafuta riziki. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikuta mwanamke wa Tanzania anazaa kwa wastani watoto 4.8. Kwa hesabu hiyo, kumshauri mama aamke mapema zaidi ili asome ni kumpunguzia usingizi tu. Mama wa hapa saa kumi na moja alfajiri tayari yuko jikoni anawasha mkaa. Ushauri wa aina hiyo unaiacha nyumba kama ilivyo na kumwongezea mama deni jingine, na ningependa tuache kuutoa.

Wapo watakaosema kwamba kusoma si desturi ya wanawake wetu, kwamba hili ni jambo la wasomi wa Dar es Salaam. Mtu anayesema hivyo hajakaa Ujiji. Ujiji ni mji wa vyuo vya Qurani tangu enzi za misafara, na wasichana wamekaa mikekani wakisoma juzuu kabla shule ya serikali haijajengwa. Hadi leo, nenda nyumba nyingi za huko Alhamisi usiku: mama amemaliza sala ya magharibi, amefungua msahafu, anasoma Yasin. Watoto wanajua wasipige kelele. Mume hadai chai. Jirani akibisha hodi, anaambiwa kwa sauti ya chini, "Mama anasoma," naye anangoja ukumbini bila kinyongo. Mwezi wa Ramadhani anaweza kumaliza msahafu mzima huku futari ya nyumba nzima ikiwa mikononi mwake. Kwa Wakristo ni vivyo hivyo: mama akichukua Biblia yake kwenda jumuiya, hakuna anayemwambia amekimbia kazi.

Sifananishi riwaya na msahafu. Kila kimoja kina daraja lake. Nasema kwamba nyumba zetu zinajua kabisa namna ya kumlinda mwanamke anayesoma. Zinajua kunyamaza na kungoja, na kumpakulia mtoto chakula bila kumwita mama. Mama huyohuyo akifungua kitabu cha hadithi Jumamosi mchana, ulinzi wote unaondoka. Hapo ndipo anapotumwa na kila mtu, kwa sababu anaonekana amekaa bure.

Serikali nayo iliwahi kuelewa jambo hili kwa nusu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walikaa chini ya miembe na ndani ya madarasa ya shule za msingi baada ya watoto kutoka. Wanawake walijaa katika madarasa hayo, wengi wao wakiwa na watoto mgongoni. Kanda ya Ziwa Victoria ikapata gazeti lake la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho, lililoanza Mwanza mwaka 1974. Wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima mwanzoni, walishuka hadi karibu asilimia 10 kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali za wakati ule. Hata sehemu za kazi hazikuachwa: mwaka 1973 lilitoka agizo la Waziri Mkuu kwamba viwanda na ofisi zitenge muda wa wafanyakazi kujifunza wakiwa kazini.

Agizo hilo linanigusa kila ninapolikumbuka. Taifa lilikubali kwamba mfanyakazi hawezi kusoma mpaka mwajiri aachie sehemu ya saa za kazi. Jikoni agizo halikufika. Mama alifundishwa herufi, akapongezwa, kisha akarudishwa kwenye nyumba ambayo haikuwa imebadilika chochote, na haikuwa na kitabu. Ukikutana na bibi aliyejifunza kusoma miaka ile na sasa anasema herufi zimempotea, usiseme ni macho tu.

Jambo moja sitaki kulifanya hapa, nalo ni kumtetea mama msomaji kwa faida ya mtoto. Hoja hiyo naisikia kila mahali: mama asome ili watoto waige, ili wafaulu, ili lugha yao ikue. Inawezekana ni kweli, na mtoto anayemwona mama yake na kitabu anajifunza kitu. Lakini tukitumia hoja hiyo peke yake tunamgeuza mama kuwa chombo hata katika ile saa moja aliyopata kuwa mtu. Asome kwa sababu anataka kujua Rosa, yule wa riwaya ya Rosa Mistika, aliishia wapi. Asome Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa sababu anampenda Yasmin na anataka kukaa naye Unguja kidogo kabla ya kurudi kwenye kufua. Mwanamume anayekwenda kutazama mpira kwenye banda la video hatakiwi kueleza kwamba mpira ule utawasaidia watoto darasani.

Kuna vipande vya muda ambavyo mama anaweza kuvipata bila ruhusa ya mtu, na wanawake wanaosoma wanavijua kwa undani. Maharage ni rafiki mkubwa wa msomaji. Ukishayainjika kwenye jiko la mkaa, ukaongeza maji na kupunguza moto, una zaidi ya saa nzima, na kazi yako ni kunyanyua kifuniko mara mojamoja. Ugali hauna huruma hiyo, wala chapati, wala dagaa wa kukaanga kwa mawese, ambao ukiwapa kisogo kidogo wanaungua. Nina riwaya kadhaa zenye alama ya kidole cha rangi ya machungwa pembeni mwa kurasa, mawese yasiyotoka hata ukisugua, na kwa alama hizo najua ni sura zipi nilizisoma nikiwa jikoni. Kusukwa nywele nako ni nafasi nzuri ambayo wengi wanaipoteza: anayesukwa mikono yake yote miwili iko huru, na twende kilioni ndogondogo huchukua muda wa kutosha kwa sura nyingi. Pale ufukweni Kibirizi nimemwona mama amekaa kwenye kivuli cha turubai, dagaa wake wametandazwa juani, fimbo ya kufukuzia kunguru mapajani na kitabu kilichojaladiwa kwa gazeti mkononi. Alikuwa akisoma ukurasa, anainua macho kutazama dagaa na wingu, anarudi kwenye ukurasa. Wingu likija, kitabu kinaingia ndani ya kitenge kiunoni na yeye anakimbilia kukusanya dagaa.

Navipenda vipande hivyo, nami naishi navyo. Lakini vina mpaka wake. Hadithi fupi inaingia ndani ya kipande. Mashairi yanaingia vizuri zaidi. Riwaya nzito haiingii. Ukiisoma kurasa mbili leo na tatu keshokutwa, majina yanachanganyika, na mwisho unaiweka chini ukidhani akili yako imechoka, kumbe ulichokosa ni saa moja isiyokatwa. Simu nayo ni hivyohivyo. Simulizi zinazotumwa vipande vipande kwenye magrupu ya WhatsApp zimewarudishia kusoma wanawake wengi waliokuwa wameacha, na anayewadharau waandishi wa simulizi hizo hajui wanachofanya. Ila simu hiyohiyo ndiyo inayoleta ujumbe wa mwalimu wa darasa, wa mchango wa harusi, na wa wifi anayeuliza kama umefika sokoni. Kitabu cha karatasi hakimpigii mtu simu.

Kwa hiyo saa nzima inabaki kuwa jambo la nyumba. Nyumbani kwetu tulikaa tukasema wazi: baada ya chakula cha usiku, vyombo si vya mama. Baba yao na kijana wetu mkubwa wanaosha, wanaweka maji ya asubuhi, wanamlaza mdogo. Haikuwa rahisi. Mashangazi walisema mtoto wa kiume anaharibiwa. Kijana mwenyewe alinung'unika, kisha akazoea, na siku hizi anasonga ugali ulioiva kuliko wangu. Mume wangu alinisaidia kwa neno moja alilowaambia wageni waliokuja jioni wakanitafuta: "Anasoma, atatoka." Alilisema kama linavyosemwa Ujiji Alhamisi usiku.

Hapa lazima niseme jambo ambalo akina mama wenye kipato kidogo kama mimi hatupendi kulisikia. Njia nyepesi ya kupata saa ya kusoma ni kuitoa kwa binti. Mama anakaa na kitabu, na binti wa kwanza, mwenye mtihani wa kidato cha pili mwaka huu, ndiye anayeosha vyombo. Au ni dada wa kazi, msichana aliyetoka kijiji cha Kasulu au Buhigwe akiwa hajafika popote kimasomo, ndiye anayebeba mdogo mgongoni huku mama mwenye nyumba akifungua sura mpya. Saa hiyo haikupatikana. Imehamishwa kutoka kwa mwanamke mkubwa kwenda kwa mwanamke mdogo, na wanaume wa nyumba hawakuguswa. Mimi sioni fahari ya kusoma kwa namna hiyo, na nawaomba wenzangu tuikatae.

Kama una dada wa kazi, kuna njia iliyo bora. Mkiwa jikoni pamoja, mmoja achambue mchele, mwingine asome kwa sauti. Kisha mbadilishane. Wasichana wengi wa kazi waliacha shule wakijua kusoma vizuri, na sauti zao zinapoingia kwenye hadithi hukaza na kupanda kwa namna ambayo hukuitegemea kwa mtu anayesema "ndiyo mama" siku nzima. Siku atakayoondoka kwako, atakuwa ameondoka na vitabu vichache kichwani pamoja na mshahara wake.

Nyumba inaweza pia kukataa kabisa. Mwandishi Buchi Emecheta, aliyezaliwa Lagos mwaka 1944, alikwenda London kumfuata mumewe akiwa bado msichana, na kwa jumla alizaa watoto watano. Muswada wake wa kwanza mumewe aliuchoma moto. Akaondoka na watoto wake, akafanya kazi, akasoma shahada, na alfajiri kabla watoto hawajaamka akaandika. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1972, na alipofariki mwaka 2017 alikuwa ameacha zaidi ya riwaya kumi. Habari zake husimuliwa kama ushahidi kwamba mama akitaka anaweza. Mimi nikizisoma namfikiria aliyewasha kiberiti. Karatasi zilikuwa nyumbani, mwanamke aliyeziandika alikuwa nyumbani, na nyumba ndiyo iliyoziunguza. Hapa kwetu sijasikia miswada ikichomwa, ila nimesikia, "Hayo makaratasi yako yatakuja kutulisha?"

Tukishakubaliana juu ya saa, kinabaki kitabu chenyewe. Maduka mengi tunayoyaita ya vitabu huuza madaftari, kalamu na vitabu vya mtaala. Riwaya ya Kiswahili unaipata kwa bahati, au unaiagiza Dar es Salaam ikaja na basi. Serikali imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na washindi wa kwanza walipewa zawadi zao Aprili 2023. Ni jambo jema sana. Lakini kitabu kilichoshinda kinamfikaje mwanamke wa Katubuka? Bodi ya Huduma za Maktaba ipo kwa sheria tangu mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Hata hivyo, mama mwenye genge hawezi kulifunga mchana akapande bajaji kwenda maktaba. Ningependa maktaba za mikoa zifikirie masanduku ya vitabu yanayozunguka kata kwa kata, na yawekwe pale ambapo wanawake wanafika tayari: kliniki ya watoto, ofisi ya kata, sokoni.

Wakati tunasubiri hilo, chombo tunacho. Ni kikoba. Karibu kila mtaa wa manispaa hii una kundi la wanawake wanaokutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana, na wanaweka pembeni fedha kidogo ya mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Wana sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Wana katibu anayejua nani ana nini na atarudisha lini. Hakuna maktaba iliyopangika kuliko hiyo. Kundi la watu 25, kila mmoja akitoa Sh500 kwa mwezi, linakuwa na Sh12,500, na kwa fedha hiyo riwaya moja inaweza kununuliwa. Kitabu kinawekwa sandukuni na daftari la mikopo. Anayekichukua anakaa nacho wiki mbili. Akichelewa analipa faini ileile ya kuchelewesha rejesho. Na siku anayokirudisha, anapewa nafasi ya kusema mbele ya wenzake kitu alichokiona humo, kabla hesabu hazijaanza.

Kikao cha kikoba kina faida nyingine kubwa: waume wanakiheshimu. Hakuna mume wa hapa anayemzuia mkewe kwenda kwenye kikoba, kwa kuwa anajua ada ya shule hutoka huko. Kitabu kilichotoka kwenye sanduku lile hakitaitwa makaratasi. Mama atasema, "Nadaiwa kitabu, Jumapili nakirudisha," na nyumba itaelewa deni upesi kuliko itakavyoelewa starehe.

Nikiulizwa tuanze na kipi, nitasema Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Mvulana anatolewa na baba yake kwa tajiri kufidia deni, na msafara wa tajiri huyo unamchukua kutoka pwani hadi bara ndani kabisa, mpaka kuvuka ziwa. Akina mama wa Katubuka watakuwa na mengi ya kusema juu ya deni hilo na juu ya mama wa mvulana huyo aliyebaki nyuma, na ningependa kuwasikia.